Mama, Nimeshuka Salama

Kwako Mama yangu mzazi, Mama Maganga,

Shikamoo Mama. Na kwa Kinyamwezi chetu, mwangaluka mayo. Kabla sijauliza hali ya mtu yeyote, neno la kwanza ni lile ulilonidai siku tulipoagana stesheni ya Tabora. Ulinishika mkono ukasema, "Sitakuuliza unapanda wapi. Wewe uniambie tu kila ukishuka." Basi nimeshuka. Nimepanda mnara wa kweli mpaka juu, nimefanya kazi niliyotumwa, na nimeshuka kwa miguu yangu miwili bila kukosa hata ukucha. Mtihani nimefaulu. Sasa kaa kwenye kigoda chako uvute pumzi, ndipo nikuamkie vizuri.

Hamjambo hapo nyumbani? Mgongo wako unaendeleaje na baridi ya asubuhi? Kifua cha Baba kimetulia, au bado anakohoa na kusema ni vumbi tu? Karanga zimeota vizuri, au mvua imewachezea tena kama mwaka jana? Mimi ni mzima wa afya. Nimenenepa kidogo, maana huku Hispania watu wanakula mkate kwa kila kitu, na mafuta ya zeituni wanayamwaga kama maji ya kunawa. Ugali sijauona tangu nifike. Michembe ya viazi uliyonifungia iliisha zamani, na kwa sababu gani nitakueleza huko mbele.

Barua hii anakuja nayo mwenzetu wa Singida anayetangulia kurudi. Nimeona niandike kwa sababu simu ya huko kwetu tukifika tu kwenye jambo la maana, wewe unabaki ukiita "haloo, haloo," na mimi namaliza maneno yangu peke yangu. Kaka Maganga, najua ni wewe unayesoma, na Mama amekaa mbele yako akikuangalia mdomo. Soma kama ilivyoandikwa. Usiongeze chumvi, na kuna mahali utatamani kuruka. Ukifika hapo, usiruke.

Mama, kwanza nikutoe hofu ya ile video. Nimesikia kwamba ilifika Sikonge ikazunguka kwenye simu za watu, na Mama Neema jirani yetu akaja nayo mbio mpaka jikoni kukuonyesha miguu yangu ikining'inia juu ya mawingu. Nasikia maharage yaliungua, ukaenda kanisani na kanga ya kupikia, na tangu hapo usingizi umekuwa wa kuvizia. Pole sana Mama. Siku ile miguu yangu ilikuwa juu ya zulia. Zulia jekundu, ndani ya darasa, madirisha yamefungwa, na nyuma yangu Halima anamenya chungwa. Nisingeweza kuanguka hata ningetaka, labda nijikwae.

Halima unamkumbuka, yule binti wa fundi cherehani wa Tabora mjini niliyesoma naye chuo cha ufundi. Ndiye aliyerusha video hiyo. Nimemgombeza, akasema, "Sasa mimi ningejuaje kama Sikonge nako kuna mtandao?" Mtoto wa mjini ni mtoto wa mjini, Mama, hata umpeleke Ulaya.

Hayo mliyoyaona ndiyo niliyokuwa nayaona mimi ndani ya miwani. Huku hawakupandishi mnarani siku ya kwanza. Wanakuvalisha miwani mikubwa inayoziba macho yote. Ukishaivaa darasa linapotea, unajikuta umesimama juu ya mnara wenye mapanga yale ya kuvuna upepo, chini nyumba ni ndogo kama punje za mtama. Ukigeuza shingo, unaona nyuma. Ukiangalia mikono yako, unaiona imevaa glavu. Wenyewe wanauita uhalisia pepe. Sababu yao nimeipenda: mtu akikosea huko, hafi. Anavua miwani, anakunywa maji, anaanza upya.

Ipo na mashine ya aina ya pili, nusu kweli na nusu picha. Ngazi ni ya chuma, unaishika. Mkanda wa usalama unakubana mapaja kwelikweli, na kamba ni kamba. Lakini ngazi yenyewe inateremka kila unapopanda, kwa hiyo unapanda, unatoka jasho, na hutoki hapo ulipo, huku miwani inakuonyesha ardhi inazidi kuwa mbali. Siku ya kwanza macho yalisema tunapanda, tumbo likasema hatuendi popote, na vikashindwa kuelewana. Nilitapika michembe yote. Halima alicheka mpaka akakaa chini, kisha akavaa yeye, naye akatapika. Tukawa sawa.

Baada ya siku chache tumbo lilizoea, nikaona kazi yenyewe ni nyepesi. Kufunga ndoano, kufungua ndoano, kukaza nati, kumteremsha mwenzako aliyeumia, yote nilishika haraka. Ningeshangaa nisingeshika. Mimi ni mtoto wa mrina asali. Kabla hujatupiga marufuku wote, nilishapanda miti mingi porini na Baba, na hiyo mingine usiyoijua tuiache hapo hapo.

Mtihani ndio ulionipiga chenga.

Mtihani wenyewe uko hivi. Unapanda kwa ile ngazi ya nusu kweli mpaka juu. Mwenzako, anayehesabiwa yuko chini, amekaa nyuma ya pazia na redio ya mkononi, hamwonani, maana kwenye mnara wa kweli ngazi iko ndani. Kila baada ya kipande anakuuliza kama uko sawa, nawe unajibu kwa sauti, unasema umefika wapi na umefunga nini. Ukikaa kimya anauliza tena. Ukikaa kimya tena, wanahesabu kwamba umezimia, zoezi linasimama, umefeli. Nafasi ni tatu. Ukishindwa ya tatu, unafungasha mizigo, na ile kazi ya minara ya upepo tuliyoahidiwa nyumbani anapewa mwingine.

Nafasi ya kwanza nilipanda kama ngedere. Halima akauliza redioni, "Kabula, uko sawa?" Nami nikavuta kamba mara moja.

Unacheka, Mama, najua. Wewe na mimi tunaelewa. Aliye juu ya mti hafungui kinywa, kwa sababu nyuki hufuata pumzi ya mtu, na ulimi ukiumwa unavimba ukaziba koo. Kwa hiyo anasema kwa kamba. Mvuto mmoja, nipo. Miwili, leteni ndoo. Ndivyo Babu alivyomfundisha Baba, na ndivyo Baba alivyotufundisha. Mkono wangu ulivuta wenyewe kabla sijafikiri. Lakini kwenye mashine ile, kamba ikistuliwa ghafla maana yake mtu ameanguka. Taa nyekundu zikawaka, king'ora kikalia, ngazi ikajifunga, na watu wakaja mbio kuniokoa mimi niliyekuwa nimesimama salama karibu na sakafu, nawashangaa.

Nafasi ya pili nikajionya: kamba usiiguse. Na kweli sikuigusa. Lakini mdomo nao haukufunguka. Halima akauliza, nikatikisa kichwa kukubali, kana kwamba ananiona. Akauliza tena, sauti yake imeshapanda. Nikatikisa kwa nguvu zaidi. Ngazi ikajifunga.

Mwalimu wetu anaitwa Ramona, mama wa makamo ambaye amepanda minara hii tangu ujana wake. Alisema mbele ya wenzangu, bila ubaya, kwamba anadhani dada huyu anaogopa urefu, na hakuna aibu, si kila mtu ameumbwa kupanda. Mama, hilo neno liliniuma kuliko kufeli. Mtu wa Sikonge, tena wa ukoo wa warina asali, kuambiwa anaogopa urefu akiwa juu ya zulia! Sikula siku ile. Nilihesabu nimebakiza nafasi moja, nikajiona nateremka Tabora na begi langu, watu wakiuliza mbona mapema, na Baba akijifanya hajasikia swali.

Kesho yake Ramona aliniita ofisini kwake. Tuliongea Kiingereza, cha kwake kibovu na cha kwangu kibovu, kwa hiyo tulielewana.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Siogopi."

"Basi kwa nini husemi?"

Nikamweleza habari ya nyuki. Nilidhani atacheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yule aliye chini, anajuaje kama aliye juu anafanya kazi au anazimia?"

Nikasema, kwa kamba.

"Mvuto mmoja, nipo. Miwili, leteni ndoo. Na nazimia ni mingapi?"

Mama, mvuto huo haukuwepo. Nikaanza kulia pale pale ofisini, na yule mama wa watu akahangaika kutafuta kitambaa.

Kaka, hapa ndipo nilipokuomba usiruke.

Siku ile ya mti wa mninga mimi nilikuwepo, kazi yangu ni ndoo. Wewe ulikuwa juu, majani yamekuziba, hatukuoni. Ulivuta kamba mara mbili. Baba akasema, "Anataka ndoo." Nikaifunga, tukaanza kuipandisha. Ukavuta tena mara mbili, Baba akacheka akasema, "Leo ana haraka, asali itakuwa nyingi." Tulikuwa tumefurahi sote wawili. Ndoo haijafika hata kwenye tawi la kwanza, ukaja wewe.

Miaka yote hii hatujawahi kuliongea nyumbani kwetu. Wewe ulitoka hospitali na fimbo yako, ukafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, ukaacha pori. Baba anaendelea kurina na hasemi. Mama analia jikoni na kusingizia moshi. Nami nilikuwa nikijiuliza kila mara: kwa nini alitaka ndoo mara mbili? Nilikuwa naogopa kukuuliza. Pale ofisini kwa Ramona ndipo nilipojua kwamba hukuwa unataka ndoo. Ulikuwa umeumwa na nyuki wengi, unaona giza, ukavuta ulichokuwa nacho mkononi. Na Baba alisikia kile ambacho kamba inaweza kusema. Hakuna aliyekosea, Kaka. Kamba haikuwa na neno hilo.

Kama sivyo ilivyokuwa, nisahihishe. Lakini naamini ndivyo, na nimepumua tangu nilipolijua. Natamani na Baba apumue.

Sasa tuendelee, Mama, futa macho, habari zinazofuata ni nzuri.

Kuanzia siku hiyo Halima alinifanya mwanafunzi wake. Alisema dawa ya mdomo mzito ni kuusemesha. Kila tulipopanda ngazi za bwenini, yeye anabaki chini anapaza sauti, "Kabula, uko sawa?" nami lazima nijibu, "Nipo, nimefika ghorofa ya pili, nimeshika ukuta." Nikiosha vyombo, "Kabula, uko sawa?" "Nipo, nimeshika sufuria." Nikiwa bafuni hali ni hiyo hiyo. Wazungu wa bwenini walituona hatuna akili timamu. Nikichoka ananichokoza. "Nyie Wanyamwezi mbona mnashangaza? Wazee wenu walibeba mizigo kutoka kwetu Tabora mpaka pwani, kwa miguu, wanaimba njia nzima. Pembe begani na wimbo mdomoni. Asali tu ndiyo iwafunge mdomo?"

Nikamjibu kwamba wale walikuwa wanatembea chini, na njiani hakukuwa na nyuki.

"Na kwenye mnara huu kuna nyuki?" akaniuliza. "Hebu nionyeshe mmoja."

Alinishinda, kama kawaida yake.

Ikaja nafasi ya tatu. Nilivaa mkanda, nikavaa miwani, nikasali kimoyomoyo ile sala yako fupi. Kipande cha kwanza Halima akauliza, nikajibu. Cha pili nikajibu. Cha tatu walituletea upepo: mashine ikaanza kutikisa ngazi, masikioni mvumo, na mvumo wenyewe, Mama, ulikuwa ule ule wa mzinga ukiusogelea. Nikasikia, "Kabula, uko sawa?" Meno yamekutana, mkono unaitafuta kamba. Halima akauliza mara ya pili, polepole, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nikajua huko chini kuna mtu hanioni, anaangalia juu, kama mimi nilivyokuwa naangalia juu siku ile na ndoo yangu.

Nikapiga kelele, "Nipo!"

Nilisema kwa Kiswahili, na mtihani ni wa Kiingereza. Nikaona nimeharibu, na kwa kuwa nimeshaharibu, nikaendelea. Nikasema nipo, ngazi inatikisika, nimefunga ndoano ya kulia, sasa nafunga ya kushoto, mvumo ni mkubwa, naogopa kidogo lakini naona vizuri, mikono ina nguvu, napanda. Sikunyamaza tena mpaka juu. Nilimsimulia Halima kila nati. Nilipofika nikavua miwani, nikaona darasa zima limesimama, Halima ametoka nyuma ya pazia anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, na Ramona ameweka mkono kiunoni.

Ramona akasema mashine haijui lugha, inachosikiliza ni kama kuna sauti ya mtu aliye hai. Na yangu, akasema, waliisikia mpaka jikoni. Nimefaulu. Ila mnarani nipunguze maneno kidogo, nibakize pumzi za kupandia.

Baada ya hapo ndipo wakatupeleka kwenye mnara wa kweli, mlimani nje ya mji. Sitakudanganya kwamba ni sawa na zulia. Chuma ni cha baridi na upepo ni wa kweli, na pale juu ukifungua kifuniko unaona nchi ya watu yote, mashamba ya ngano na kondoo wao. Lakini mikono ilikuwa imeshapajua. Nilipanda nikijibu, nikakaza nilichotumwa kukaza, nikashuka nikijibu. Nilipokanyaga udongo niliuinamia nikaugusa, na neno lililonitoka lilikuwa lako: nimeshuka. Halima akauliza nasema na nani. Nikamwambia, nasema na Mama.

Sasa nina ombi moja, na ndilo lililonifanya niandike barua ndefu hivi. Najua msimu wa kurina unakaribia na Baba ataingia porini tena. Simwambii aache, kwani hilo hata wewe umeshindwa. Wala simwambii afungue kinywa mbele ya nyuki, hiyo ni hekima ya wazee na ipo sawa. Lakini Baba, mtu anaweza kusema akiwa amefunga midomo. Nimejaribu mwenyewe. Funga midomo, guna: "Mm." Pumzi inapita puani, nyuki haingii, na aliye chini anasikia. Aliye chini aulize kila baada ya muda. Ukiguna, upo. Usipoguna, hakuna kupandisha ndoo, mtu anapanda kukufuata saa hiyo hiyo.

Na anayeuliza awe Kaka Maganga. Najua, Kaka, uliapa hutaukanyaga mzizi wa mti wenye mzinga. Lakini kuuliza hakuhitaji mguu. Keti chini na fimbo yako, mbali kidogo na moshi, uulize, "Baba, uko sawa?" Mpe Baba nafasi ya kuulizwa na kujibu. Nadhani amekuwa akiisubiri muda mrefu kuliko tunavyodhani.

Nisalimie shangazi yangu wa kwaya na umwambie skafu yake ndiyo inayoniokoa na baridi. Msalimie mchungaji wetu, sala zake nimezipata. Mwambie Mama Neema video nyingine ikija aangalie kwanza kama kuna zulia. Msalimie na yule mzee mwenzake Baba wa kambi ya asali, anayesema wanawake hawapandi, na msimweleze chochote, nitamweleza mwenyewe. Kaka akipita Tabora mjini kufuata spea, aingie kwa mama yake Halima, amwambie binti yake ni mzima na anaongea kama alivyomlea.

Mama, leo ukishazima moto, lala. Lala usingizi mzima, ule wa zamani. Na usiku ukishtuka ukajiuliza yule mtoto yuko wapi saa hizi, uliza tu kwa sauti hapo hapo kitandani, jibu nimeshalituma.

Nipo.

Mwanao wa mwisho,
Kabula